Ukikataliwa Kazi ya Uhadhiri, Angalia Kwanza Umekataliwa Hatua Gani

Barua ya kukataliwa kazi ya kufundisha chuoni huwa fupi na haisemi kitu. "Tulipokea maombi mengi yenye ubora wa hali ya juu, na tunasikitika kukujulisha kuwa..." Mwombaji huisoma mara tano akitafuta sababu ambayo haimo, kisha anajitungia yake, na anayojitungia mara nyingi ni ile mbaya kuliko zote: kwamba hafai. Habari pekee ya maana katika jibu kama hilo ni hatua uliyokuwa umefikia lilipokujia.

Kwa hiyo anza na jedwali. Safu 6 zinatosha: chuo na idara, tarehe ya mwisho ya maombi, nyaraka ulizotuma (andika toleo lipi la barua), hatua uliyofika, tarehe ya jibu, na mstari mmoja wa maelezo. Usiweke safu ya "nilivyojisikia". Hayo mwambie rafiki.

Ukiishia kwenye karatasi, yaani bila kuitwa hata kwenye mahojiano mafupi ya video, umejifunza kidogo sana. Nafasi moja inaweza kuvuta makumi ya maombi, wakati mwingine mamia, na anayesoma kwanza ana dakika chache kwa kila faili. Kuna na mambo yasiyo mikononi mwako kabisa: idara inatafuta mtu wa kufundisha takwimu na wewe ni mtu wa nadharia, bajeti imesitishwa katikati ya safari, au kuna mtu wa ndani anayesubiri kuthibitishwa. Usiguse nyaraka zako kwa sababu ya hapana moja. Anayeandika upya kila kitu baada ya kila jibu huishia na barua isiyo na sura, na hawezi tena kujua toleo gani lilifanya kazi. Yakifika maombi 10 au 12 bila mwito wowote, hapo kaa chini uzikague.

Anza na aya ya kwanza ya barua ya maombi. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuomba nafasi ya kufundisha kwa barua inayotumia aya tatu za mwanzo kueleza tasnifu. Kamati inataka kujua mapema mambo matatu: unaomba nafasi ipi, shahada yako ya uzamivu imefikia wapi (kama bado, utaitetea lini), na kozi zipi za idara yao unaweza kuzibeba. Fungua orodha ya kozi zao, taja mbili au tatu kwa majina yake. Sentensi kama "napenda sana kufundisha na ninawajali wanafunzi" haimtofautishi mtu na mwingine. Linganisha na hii: "Katika kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 90, insha moja ndefu niliigawa katika hatua tatu, na kila hatua inarudishwa na maoni kabla ya inayofuata." Huyu wa pili kamati inaweza kumwona darasani. Kisha tafuta jina la chuo kingine lililosahaulika kwenye barua. Hutokea kuliko watu wanavyokiri.

Kagua na wanaokuandikia barua za mapendekezo. Barua ya nusu ukurasa inayosema ulikuwa mwanafunzi mwenye bidii inaweza kukuangusha bila wewe kujua. Unapoomba, uliza waziwazi: "Profesa, unaona unaweza kuniandikia barua yenye nguvu kuhusu ufundishaji wangu?" Akisitasita, mshukuru, tafuta mwingine. Mpe wiki 3, tangazo la kazi, na mambo mawili ungependa ayaguse. Matokeo yakitoka, mwambie hata kama ni mabaya. Anayekaa kimya leo hupata tabu kumrudia mtu yuleyule kesho.

Ukiwa unaitwa kwenye mahojiano lakini huvuki, karatasi zako ni nzima. Kwa kawaida tatizo ni urefu wa majibu. Mahojiano ya dakika 25 yenye maswali 6 au 7, ukiondoa salamu na muda wa kuulizwa, yanakupa kama dakika 2 au 3 kwa kila jibu. Jirekodi ukijibu "ungefundishaje kozi yetu ya utangulizi?" na utazame saa.

Ukifika fainali ukakosa, habari ni tofauti tena. Waliofika hapo mara nyingi ni watatu au wanne, na wote wanaajirika. Hapo waweza kukosa kwa tofauti ndogo isiyokuhusu. Pa kupakagua kwanza ni somo la mfano, yaani lile fupi unalofundisha mbele ya kamati. Watu huchukua somo la saa nzima wakalishindilia katika dakika 20, wakakimbia slaidi, na hawakuona kama kuna mtu aliyeelewa. Chagua wazo moja, mfano mmoja, na zoezi moja la dakika 4. Kosa la pili ni kuuliza swali na kulijibu mwenyewe papo hapo. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri jibu kwa kama sekunde 1 tu, na wakisubiri angalau sekunde 3, majibu ya wanafunzi hurefuka na kuwa bora. Mbele ya kamati sekunde 3 zinaonekana mwaka mzima. Zihesabu kimoyomoyo.

Kuomba maoni kunafaa baada ya mahojiano tu, na kwa swali moja. Subiri siku moja ipite, kisha:

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, nashukuru kwa taarifa na kwa muda mlionipa. Kama taratibu zenu zinaruhusu, ningeshukuru kujua jambo moja ambalo ningeliboresha katika somo langu la mfano. Naitakia idara kila la heri."

Vyuo vingine huzuia kamati kutoa sababu, hivyo usipojibiwa usisome zaidi ya hapo. Na kamwe usibishane na uamuzi. Wanakamati huhamia vyuo vingine, nao hawasahau.

Ukimya nao una sababu zake. Chaguo la kwanza likipewa muda wa kufikiri, wa pili na wa tatu huachwa bila jibu mpaka asaini. Wiki mbili zikipita baada ya tarehe waliyokuahidi, uliza kwa mstari mmoja. Baada ya hapo endelea na maombi mengine kana kwamba jibu ni hapana.

Majibu yapeleke kwenye folda yake ya barua pepe, uifungue saa maalumu, si dakika 10 kabla ya kuingia darasani. Wapo pia wanaoandika wasifu wa mambo waliyoshindwa: mwanasayansi Melanie Stefan alilipendekeza wazo hilo katika jarida la sayansi la Nature mwaka 2010, na Johannes Haushofer, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Princeton, wasifu wake ukasambaa mwaka 2016. Unasaidia, ila tunaonya kwamba ni rahisi zaidi kuutangaza ukiwa tayari na kazi. Kabla ya hapo uandike kwa ajili yako na wenzako wawili watatu.

Nafasi uliyoikosa ikitangazwa tena, omba. Orodha ya wagombea ni mpya, na huenda hata kamati. Andika barua mpya ikionyesha kilichoongezeka tangu hapo: kozi uliyofundisha, makala iliyokubaliwa, shahada iliyokamilika. Kama mara ya kwanza ulifika fainali, mwandikie kwanza mwenyekiti kumuuliza kama wanakaribisha maombi ya waliowahi kuhojiwa.