Namba Mbili Zinapobadilishana Nafasi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninasoma kidato cha nne hapa Temeke, Dar es Salaam. Tulipewa mlinganyo xʸ = yˣ, ambamo x na y ni namba nzima chanya zisizolingana. Nilijaribu 2 na 4, nikaona kwamba 2⁴ na 4² zote ni 16, lakini nimekatwa alama nyingi. Kosa langu ni lipi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Jozi uliyoitaja ni sahihi, ila kazi umeiacha njiani. Kujaribu namba kunathibitisha kwamba jozi hiyo ipo, lakini hakuthibitishi kwamba hakuna nyingine, na hapo ndipo penye uzito wa swali.

Wanafunzi wengi hukimbilia logi, wakapata y log x = x log y, kisha wakakwama. Afadhali uanze na uwiano, kama mwanahisabati Goldbach alivyofanya mwaka 1729 alipomjibu mwenzake Daniel Bernoulli, aliyekuwa amemwandikia kuhusu mlinganyo huu mwaka uliotangulia. Chukua y kuwa ndiyo kubwa, uandike y = kx. Mlinganyo unakuwa xᵏˣ = (kx)ˣ. Ondoa kipeo cha x pande zote mbili, ubaki na xᵏ = kx; gawanya kwa x, upate xᵏ⁻¹ = k. Sasa ukiijua k, umeijua x.

Je, k yaweza kuwa sehemu? Hapana, na hatua hii usiiruke. Ukizichambua x na y kwa namba tasa, kipeo cha kila namba tasa ndani ya x, kikizidishwa kwa y, hulingana na kipeo chake ndani ya y kikizidishwa kwa x. Na kwa kuwa y ni kubwa, vipeo vya y haviwezi kuwa vidogo kuliko vya x, hivyo x huigawa y bila baki. Basi k = 2 inatoa x = 2 na y = 4. Kuanzia k = 3 hakuna jibu, kwa sababu x lazima izidi 1, na hata 2ᵏ⁻¹ tayari imeipita k: 2² ni 4, 2³ ni 8, na pengo linazidi kupanuka.

Sharti la namba nzima likiondolewa, mambo hubadilika kabisa. Kwa k = 3/2, kipeuo cha pili cha x ni 3/2, kwa hiyo x = 9/4 na y = 27/8, jozi ambayo Bernoulli mwenyewe aliitaja; kila upande unakuwa 3/2 kwa kipeo cha 27/4. Kila k inayozidi 1 ina jozi yake, kwa hiyo majibu hayana idadi.