Walimfanya kaka yangu simba

Mhariri, wiki hii mmeuliza neno la Kiingereza "lionize", yaani kumshangilia mtu kama maarufu, tuliiteje kwa Kiswahili. Najua wengi watawaletea kukweza, kutukuza, au kumvika mtu kilemba cha ukoka. Mimi nasema hapana, mtazameni kwanza simba mwenyewe, "lion", aliyemo ndani ya neno hilo.

Kwetu ukimwita mtu simba unataja makali yake, kama Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa zamani wa Tanzania, alivyoitwa Simba wa Vita. Simba wa Waingereza alikuwa kizimbani. Wafalme wao walifuga wanyama katika Mnara wa London kwa karne kadhaa, hadi 1835, na mgeni akifika mjini alipelekwa kuwaona simba. Mwishowe kila cha kutazamwa kikaitwa simba, hata mtu maarufu anayealikwa ili akodolewe macho.

Hilo nililiona uani kwetu. Kaka alipata divisheni wani kidato cha nne, wa kwanza mtaani. Jumapili shangazi akamvalisha sare ya shule, shati limeshambana kwapani, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Majirani wakaja. "Hebu sema Kiingereza tusikie." Akakosa la kusema. Shangazi akaleta kopo la maziwa ya unga, akamwambia asome. Akasoma jinsi ya kuchanganya: vijiko vingapi, maji kiasi gani. Makofi! Mzee mmoja akaomba arudie pale pa vijiko. Akarudia. Soda aliyopewa ilipata moto mkononi bila kunywewa, na mimi niliyekaa chini na sufuria zangu niliyaona magoti yake yakitetemeka. Usiku alitapika nyuma ya choo. Wiki nzima akienda dukani alizunguka njia ya makaburini.

Kwa hiyo nilikaa kuandika kwamba neno hilo litafsiriwe "kumtia mtu kizimbani", basi. Ila jana nikampigia simu kumuuliza. Alicheka sana, kisha akaghani maelekezo yale kwa Kiingereza, yote, mpaka kwenye vijiko. Anasema hakuna siku aliyopendwa vile.

Haya, andikeni kukweza. Lakini mkumbuke, hata chombo kikivutwa pwani husemwa kimekwezwa, na kikiwa huko juu hakisafiri. Sijui kama kaka angekubaliana nami. Yeye alitaka tu kujua kama kopo lile bado lipo. Lipo, shangazi anawekea chumvi.