Land Rover 109 imeoza chasisi: tafuta 110, na anza na tepu

Mwenye Land Rover 109 pikapu huku pwani, iko siku fundi atatoka uvunguni amwambie bodi bado nzima ila chasisi imekwisha. Paneli za bodi ni aluminiamu, hazishiki kutu kama chuma. Chasisi ni mabati ya chuma yaliyochomelewa yakawa boksi refu, na tope lenye chumvi likishaingia ndani ya boksi lile halitoki. Yangu iliozea Tanga. Tangu niihamishie kwenye chasisi nyingine, swali ninaloulizwa sana ni hili: ninunue gari gani ili nipate chasisi yake?

Wengi huanza na injini. Wanaona Land Rover Discovery ya kwanza, injini ya dizeli ya 300Tdi inaunguruma vizuri, bei rahisi kwa kuwa bodi imeoza, wanalipa. Ndugu yangu, chukua tepu kwanza. Discovery ile na Range Rover za mwanzo zina inchi 100 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Yako ina 109. Zile inchi 9, kama sentimita 23, utazifidia kwa kukata bodi au kwa kukata chasisi na kuirefusha. Ukikata bodi unabaki na pikapu fupi, lakini salama. Chasisi iliyorefushwa kwa kuchomelewa gereji, halafu ibebe magunia ya mahindi kwenye barabara ya makorongo, mimi sipandi na wala sitamshauri mtu.

Nilichochagua ni Defender 110. Tofauti ni inchi moja tu. Ni ghali zaidi, sikatai, lakini fedha unayookoa kwenye Discovery utaimaliza kwa fundi. Unapata pia springi za koili pande zote na breki za diski mbele, na 109 yenye breki hizo ni raha kwelikweli kuteremka nayo Lushoto.

Mambo mawili yajue mapema. Ekseli za 110 ni pana kwa takriban sentimita 15, hivyo matairi yatatokeza nje ya mabawa. Panga kununua na zile kingo za plastiki za Defender. La pili ni usukani, na hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Stelingi boksi (boksi la gia za usukani) ya 109 iko nyuma ya ekseli ya mbele, ile ya 110 imefungwa kwenye chasisi mbele ya ekseli. Ukitaka kubakiza uso wa zamani, wenye grili iliyoingia ndani, nafasi ya boksi na rejeta inabana. Pima kabla hujafungua bolti hata moja.

Land Cruiser 75 ni imara na spea zake ziko kila mahali, lakini kati ya ekseli zake kuna milimita 2980 dhidi ya 2769 za 109, na vishikio vyote vya bodi itabidi vitengenezwe upya. Anayetaka Land Cruiser anunue Land Cruiser.

Ukiipata 110, ingia uvunguni na nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Gonga sana juu ya ekseli ya nyuma, boriti ya mwisho nyuma kabisa, na mikono inayoshika bodi pembeni. Lami au rangi nyeusi mbichi iliyopakwa juzi, ikwangue uone chuma. Muuzaji akikataa, ondoka. Kisha pima mshazari, bolti ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 5 mimi siinunui. Ningetafuta Dodoma au Singida kukavu kuliko Tanga au Mombasa. Za Arusha zilizobeba watalii zikague mara mbili, maana nyingi zilishakatwa na kurefushwa.

Mwisho ni karatasi. Gari hutambuliwa kwa namba ya chasisi, kwa hiyo ulizia TRA (mamlaka ya mapato), au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ukiwa Kenya, jinsi ya kusajili mabadiliko kabla ya kazi kuanza. Nunua gari lenye kadi ya usajili, hata kama ni skrepa. Namba iko upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu: isugue na brashi ya waya, weka karatasi juu yake, pitisha penseli, ulinganishe tarakimu moja moja na kadi. Ikiwa imekwaruzwa au kuchomelewa, usilipe.