Maswali na Majibu: Funguo mbili za kigeni, jedwali moja

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza mfumo wa kusafirisha vifurushi kwa mabasi, kwa Python na SQLAlchemy 2.0, maktaba inayounganisha programu na hifadhidata. Jedwali la vifurushi lilikuwa na mtumaji_id inayoelekea kwa wateja, na mambo yalikwenda sawa. Nilipoongeza mpokeaji_id, mfumo wote umegoma. Hata ukurasa wa kuingia, ambao haugusi vifurushi, unaleta kosa linalotaja Kifurushi. Mwenzangu anasema nifute relationship zote (viungo kati ya klasi moja na nyingine) niandike SQL kwa mkono. Jingine: kwenye kompyuta yangu yenye hifadhidata ya SQLite naweza kumfuta mteja mwenye vifurushi kwa amri ya delete(), ila seva yenye PostgreSQL inakataa. Tatizo liko wapi?

Jibu: Usifute chochote, ndugu yangu. Ukilisoma kosa lako hadi mwisho utakuta AmbiguousForeignKeysError. Kati ya vifurushi na wateja sasa kuna njia mbili, yaani funguo mbili za kigeni (kolamu zinazoelekea kwenye rekodi za jedwali jingine), na SQLAlchemy haikubali kubahatisha. Mtumaji_id ilipokuwa peke yake, iliyaunganisha majedwali yenyewe. Sasa ni juu yako kusema kila relationship inapita kwenye ufunguo upi:

```python
class Mteja(Base):
    __tablename__ = "wateja"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    alivyotuma: Mapped[list["Kifurushi"]] = relationship(
        back_populates="mtumaji",
        foreign_keys="Kifurushi.mtumaji_id")

class Kifurushi(Base):
    __tablename__ = "vifurushi"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    mtumaji_id: Mapped[int] = mapped_column(ForeignKey("wateja.id"))
    mpokeaji_id: Mapped[int] = mapped_column(ForeignKey("wateja.id"))
    mtumaji: Mapped["Mteja"] = relationship(
        back_populates="alivyotuma",
        foreign_keys=[mtumaji_id])
```

Jozi ya mpokeaji na alivyopokea iandike vivyo hivyo. Tazama kwamba foreign_keys inataja kolamu ileile pande zote mbili, yaani iliyomo kwenye vifurushi. Wengi wakifika upande wa Mteja huandika Mteja.id, na hapo hukwama, maana hiyo siyo ufunguo wa kigeni, ndiyo inayoelekezwa. Kifurushi.mtumaji_id nimeitia kwenye alama za nukuu kwa sababu Python inaposoma klasi ya Mteja, Kifurushi bado hakijafikiwa. Kuwa mwangalifu pia na back_populates, inayotaja relationship ya upande wa pili. Ukiunganisha alivyotuma na mpokeaji kwa bahati mbaya, unaweza usione kosa lolote, ila watumaji na wapokeaji wataanza kuchanganyika, na kosa la namna hiyo ni baya kuliko linalosimamisha programu.

Ukurasa wa kuingia hauna hatia. SQLAlchemy haikagui uhusiano wa modeli (klasi kama Mteja na Kifurushi) pale faili linaposomwa. Husubiri modeli yoyote itumike kwa mara ya kwanza, ndipo ikague zote kwa pamoja. Kwako aliyetangulia ni mtumiaji anayeingia. Ukaguzi ukishindwa, kila modeli inayofuata hupokea ujumbe unaoanza "One or more mappers failed to initialize", na watu hupoteza siku nzima wakichunguza klasi isiyohusika. Ruka hadi palipoandikwa "Original exception was". Bora zaidi, ita configure_mappers(), inayofanya ukaguzi huo, mara tu baada ya kuingiza modeli zote, ili programu igome wakati wa kuwashwa, kabla mteja hajaigusa.

Kuhusu ushauri wa mwenzako: SQL ya mkono inafaa sana kwa ripoti nzito. Lakini kufuta relationship kwa sababu ya kosa hili ni kutupa taarifa ambayo mfumo wako unaihitaji kila siku, yaani nani katuma na nani anapokea.

Sasa SQLite. Inazijua funguo za kigeni, lakini kwa kawaida haizisimamii mpaka uiamrishe `PRAGMA foreign_keys=ON`, na amri hiyo lazima itolewe kwa kila muunganisho mpya, nje ya muamala (transaction). Katika SQLAlchemy, sikiliza tukio la "connect" la injini na uitoe hapo. PostgreSQL inasimamia bila kuombwa, na inapokukatalia inakulinda: kifurushi kilichobaki bila mtumaji hakiwezi kudaiwa na mtu.

Utashawishika kuweka `cascade="all, delete-orphan"`, yaani mteja akifutwa vifurushi vyake vifutwe pamoja naye, ili ufutaji upite. Hapa nakukataza kabisa. Kifurushi kina wenyewe wawili. Ukimfuta mtumaji na vifurushi vyake, mpokeaji naye anapoteza kumbukumbu zake. Ongeza kolamu ya `hai` kwenye wateja, na anayeondoka iwe False.

Na kwa kuwa SQLite yako imekuwa ikikubali kufuta, huenda tayari ina vifurushi vinavyoelekea kwa wateja wasiokuwepo. Endesha `PRAGMA foreign_key_check`, itakuorodheshea rekodi hizo, uzirekebishe kabla hujahamishia data kwenye seva.