Ukiangalia Juno na binti yako, mwachie rimoti

Kosa langu lilikuwa kushika rimoti mimi. Hatujafika hata dakika ya ishirini, nimeshaisimamisha filamu mara mbili: "Umeona sasa? Umeona matokeo yake?" Binti yangu, yuko kidato cha tatu, akainuka akaenda kufua soksi. Saa nne usiku, soksi!

Wiki iliyofuata tukairudia, rimoti kwake. Ninayoyasema hapa nimeyapata usiku ule.

Kwanza, weka maandishi chini ya skrini. Juno, filamu ya 2007, ni ya msichana wa miaka 16 huko Minnesota, Marekani, anayepata mimba na kuamua kuwapa mtoto mke na mume wanaotafuta wa kulea. Diablo Cody, aliyepata Oscar kwa kuiandika, amemjaza msichana huyo maneno ya vijana, na Elliot Page, anayemwigiza, anayatema kama cherehani. Ukibaki kuyakimbiza maneno, utaona mtoto mjuaji tu. Mwangalie anayesikiliza.

Mwangalie J.K. Simmons, baba mtu. Habari inapotolewa pale sebuleni, hapigi kelele wala hanyanyui mkono. Wakishabaki wawili, mkewe, yaani mama wa kambo anayeigizwa na Allison Janney, anakiri alikuwa akiomba iwe kafukuzwa shule au anatumia dawa za kulevya. Na mume naye kumbe alianza kuwazia hayo hayo! Tulicheka wote, nadhani kila mtu kwa sababu yake.

Jennifer Garner, yule mke anayetafuta mtoto wa kulea, ndiye niliyemkosea. Mara ya kwanza nilimwona mwanamke wa nyumba safi na maringo. Subiri wakutane madukani. Anaweka mkono kwenye tumbo la Juno, hasikii kitu. Anaambiwa aongee naye mtoto. Basi anapiga magoti pale pale, watu wanapita, anaongea na tumbo kwa aibu, mpaka mtoto anacheza. Uso wake hapo, mimi nilitafuta kanga ya kufutia machozi. Michael Cera, kijana aliyempa Juno mimba, wanamsifu wengi. Kwangu, kaptura yake ya kukimbilia ilifanya nusu ya kazi.

Halafu kuna pale Juno anapopita koridoni shuleni na tumbo lake, wanafunzi wanampisha.

"Mama, mbona hawamfukuzi?"

Hotuba ilinijaa mdomoni. Nikaimeza, nikamwambia tu kwamba hata hapa Tanzania, tangu mwishoni mwa 2021, msichana akishajifungua anaruhusiwa kurudi shule.

Akakaa kimya. Kisha akanitajia mwenzao mmoja wa darasani ambaye hawajamwona tangu Februari. Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo nyumbani kwangu.

Safari hii aliyesimamisha filamu alikuwa yeye. Tuliimalizia kesho yake.