Kidani cha Mama na Chumvi ya Kifuuni

Idi ya mwaka juzi mama aliniita chumbani nimfunge kidani chake cha harusi. Nikavuta ncha hii na ile, hazikukutana. Nikapitisha kidole kooni, nikagusa uvimbe laini. Alipomeza mate ukapanda, ukashuka. "Unene tu, mwanangu." Mama si mnene.

Hospitali walimpima damu wakasema ni goita, yaani kuvimba kwa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kisha wakauliza: mnatumia chumvi gani?

Kwetu Wete, Pemba, tulitumia ya polo, ile ya mawe inayovunwa hapa hapa kisiwani, ikikaa kwenye kifuu kando ya jiko la kuni. Niliamini mtu wa pwani hawezi kukosa madini joto, yaani iodini. Kumbe chumvi ya bahari isiyotiwa iodini karibu haina kitu. Samaki husaidia, lakini bahari ikichafuka kitoweo hukosekana, na tunakula muhogo mchana na usiku. Mwili ukishughulika na sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri, hubaki kitu kinachoizuia iodini kuingia kwenye tezi.

Tezi ya thairoidi hutengeneza protini kubwa iitwayo thairoglobulini, na ndani yake mna tairosini, moja ya asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Kimeng'enya huipachika iodini kwenye tairosini, moja au mbili. Zenye mbili mbili zikiungana hupatikana thairoksini, yenye iodini nne; ya mbili ikiungana na ya moja hupatikana homoni ya iodini tatu, ndiyo yenye nguvu zaidi. Homoni hizo huendesha joto la mwili na mapigo ya moyo, na hujenga ubongo wa mtoto aliye tumboni. Iodini ikikosekana, ubongo huzidi kuihimiza tezi, nayo huvimba: mafundi wanaongezwa kwenye jahazi, misumari hakuna.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ya miaka 70 haifiki gramu 4, haijazi hata kijiko cha chai! Inaniuma kwamba tuliikosa kwa sababu ya chumvi ile ya kifuuni.

Basi nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moto, jua na unyevu, na uitie chungu kikikaribia kuteremshwa. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza dawa, maana presha nayo ipo. Na tafadhali, usinywe unga wa mwani kwa kujitibia. Jirani alimletea mama, daktari akamkataza: iodini ikizidi sana nayo huweza kuisimamisha kazi ya tezi, au kuichochea kupita kiasi. Ukiona uvimbe shingoni, nenda ukapimwe damu kwanza.

Uvimbe wa mama haujaondoka, ila haujakua. Sonara ameongeza pete tatu kwenye kidani. Mdogo wangu ana mimba ya miezi minne. Kopo lake la chumvi nimempelekea mwenyewe, na kile kifuu nimekitia motoni.