Maswali na Majibu: Mbwa Mwitu wa Bale na Sauti za Usiku Porini Kwetu

Katika safu iliyopita niligusia, kwa kupita tu, kwamba safari niliyofanya Ethiopia pamoja na wafugaji nyuki wenzangu wa Tabora ndiyo iliyonikutanisha na mbwa mwitu kwa mara ya kwanza. Wasomaji wameniandikia zaidi kuhusu mnyama huyo kuliko kuhusu asali, nami leo nawajibu wachache.

Shikamoo mzee. Mbwa mwitu si wapo hapa kwetu Ugalla? Ulikwenda Ethiopia kutafuta nini? (Msomaji wa Ng'ambo, Tabora)

Marahaba. Tatizo liko kwenye jina, kwa kuwa Kiswahili kimewaita mbwa mwitu wanyama ambao hata hawafanani sana. Yule wa Ugalla ana mabaka meusi, meupe na ya rangi ya mchanga, masikio mapana ya mviringo, na vidole vinne tu katika mguu wa mbele. Yule tunayemsoma katika Biblia amevaa ngozi ya kondoo, ambaye makazi yake ni Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, ana vidole vitano mbele kama mbwa wa nyumbani, na haishangazi, maana mbwa wa nyumbani ametokana naye. Niliyemwona mimi ni ndugu wa karibu wa huyu wa pili, naye hapatikani popote duniani isipokuwa Ethiopia. Waamhara humwita mbweha mwekundu, kwa hiyo mkanganyiko wa majina si wetu peke yetu.

Tusimulie ulivyomwona na ulivyomsikia. (Msomaji wa Kaliua)

Tulitoka mji wa Goba kabla ya mapambazuko, tukapanda hadi uwanda wa Sanetti katika Milima ya Bale, ambao uko zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, na mimi niliyezoea jua la Tabora nilikuwa nimevaa makoti mawili bila kupata nafuu. Nyasi zilikuwa fupi na zimeganda kwa baridi, na kilichosimama wima kilikuwa mimea ya lobelia tu, mirefu kama nguzo. Mnyama alikuwa umbali wa kama hatua sitini kutoka barabarani, peke yake, rangi yake nyekundu kama udongo wa kichuguu, koo jeupe, ncha ya mkia nyeusi, na mdomo mrefu mwembamba. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea ardhini. Akasogea hatua moja, akatulia, akasogea nyingine, kama paka anayenyatia panya jikoni. Kisha akarukia shimo na kuibuka na fuko mkubwa mdomoni. Nakiri kwamba nilitarajia jitu la kutisha, nikaona mnyama asiyezidi sana mbwa wa kijijini.

Sauti ndiyo iliyonishika. Mmoja alianza ng'ambo ya bonde, mlio mrefu, mwembamba, wa juu. Kabla haujakatika wengine wakaudaka, kila mmoja kwa kimo chake, hata nikadhani ni kundi la ishirini, kumbe darubini ilituonyesha watano. Mwongozaji wetu alieleza kwamba wanyama hawa huwinda mmoja mmoja mchana kutwa, lakini huishi kwa familia, na hukusanyika asubuhi na jioni kusalimiana na kukagua mipaka yao, na kwa milio hiyo majirani hujua kwamba eneo lina wenyewe.

Nikiwa kambini wakati wa kurina asali, husikia usiku sauti inayoanza chini kisha inapanda ghafla mwishoni. Je, ni mbwa mwitu? (Msomaji wa Sikonge)

Hapana, huyo ni fisi. Mbwa mwitu wa kwetu, wakipoteana, huita "huu, huu" kwa upole, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu, na wakikutana hulia kwa sauti nyembamba za haraka zinazofanana na za ndege.

Je, naweza kuwaona jamaa za huyo mbwa mwitu wa Ethiopia bila kutoka Tanzania? (Msomaji wa Nzega)

Unaweza, na pengine umekwisha kuwaona. Mbweha wa rangi ya dhahabu wa Serengeti na Ngorongoro alihesabiwa miaka mingi kuwa mbweha, hadi uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2015 ulipoonyesha kwamba yuko karibu zaidi na mbwa mwitu yule wa Biblia.

Ndugu mwandishi, nina mbwa watatu ninaoingia nao porini. Wanaweza kudhuriwa na mbwa mwitu? (Msomaji wa Kasulu, Kigoma)

Mimi nahofia zaidi kinyume chake. Mbwa mwitu wa Ethiopia hawafikii 500 waliokomaa, zaidi ya nusu yao wako Bale, na kichaa cha mbwa kinachotoka kwa mbwa wa wafugaji kimewaua mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2003. Ndiyo maana mwaka 2018 wataalamu walianza kuwapa chanjo iliyofichwa ndani ya vipande vya nyama. Wa kwetu wanakabiliwa na hatari hiyohiyo. Wapeleke mbwa wako kwa daktari wa mifugo wakachanjwe, uitunze kadi ya chanjo, na siku unapokwenda karibu na hifadhi uwaache nyumbani.